Sukari ya Kuangalia

Jumapili, 3 Machi 2024

Wiki hii Mzee Mwinyi katutoka, jana kazikwa Mangapwani, na mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere umeanza kutoa megawati 235. Mimi bado niko Jumanne, dukani kwa Mangi.

Nilikwenda kununua sukari. Mnanijua: bei elekezi ya Januari nimeikariri, hata mkoa wa ghali kabisa hauvuki 3,200 kwa kilo. Mangi akanitajia 4,500. Nikamwambia mbele za watu, "Mangi, huu ni wizi." Hakujibu. Akaendelea kupanga viberiti ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

Mara akaingia bibi wa nyumba ya kona, yule Mpare.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mangi, sukari ya kuangalia unauzaje?"

"Ya kuangalia?"

"Ee. Naiweka katikati ya meza, kila mtu anapiga funda la chai huku anaitazama."

Mangi akacheka mpaka akashika kaunta. "Ya kuangalia bure, bibi. Ila akija mgeni, mgeni analipia."

"Mgeni atafumba macho."

Nimeyarudia maneno haya sijui mara ngapi. Hilo la mgeni kufumba macho, alilitoa wapi kwa haraka vile? Mpare na Mchaga ni watani, sawa, ana leseni. Lakini tazama kilichofuata: Mangi, bado anafuta machozi ya kicheko, akavuta risiti chini ya droo akatuonyesha. Mfuko wa kilo 50 kauchukua jumla kwa 215,000. Nikapiga hesabu kimoyomoyo: 4,300 kila kilo, bajaji bado. Akasema hata huko jumla anapanga foleni, tangu zile mvua za El Niño zizamishe miwa. Habari ya mvua nilikuwa nayo kwenye simu wiki nyingi. Kumwuliza Mangi anaichukulia wapi sukari yake, sikuwahi.

Nikanunua robo, nikasahau kumwomba radhi.

Nyumbani nikamsimulia Baba Zai, na sauti ya bibi nikaiigiza. Akaniuliza, "Kwa hiyo hukuleta kilo?"

Jana jioni, tukitoka kwa jirani kutazama mazishi, ndipo likanijia: bibi mwenyewe hakununua sukari. Alichukua kiberiti na majani ya chai ya 200, akafunga chenji kwenye pindo la kanga, akatoka sisi bado tunacheka. Wajukuu wanne wako pale kwake, na Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi. Tulikuwa watu wanne dukani, hakuna aliyeona. Sasa kila nikikumbuka "mgeni atafumba macho" kicheko kinaniishia kooni.

Leo nimeongeza sukari, kwa bei ileile, bila maneno. Nusu kilo nimeifunga pembeni, iko juu ya friji tangu asubuhi. Nikimpelekea kwa sura ya huruma atairudisha, namjua. Inabidi niende na mzaha, na mimi Mzaramo si mtani wake. Nimejaribu kuwaza, "Bibi, nimekuletea ya kuangalia, ila imezidi uzito." Hapana. Haichekeshi.

Zai naye ameanza kukohoa tena, kile kikavu cha usiku. Mchana mzima hana kitu, taa ikizimwa tu kinaanza.