Ubao wa kujaza upepo kwa maji ya ndani ya mwamba: urefu, presha na pezi

Ubao wa kawaida wa kukodishwa hotelini, ule wa kusimama na kupiga kafi, huwa na urefu wa futi 10 na inchi 6 na upana wa inchi 32. Umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayesimama juu ya maji kwa mara ya kwanza, na kwa kazi hiyo unafaa kabisa. Lakini anayetaka kutoka Michamvi Kae, pwani ya mashariki ya Unguja, aingie Ghuba ya Chwaka hadi kwenye mikoko na kurudi kabla maji hayajapwa, anahitaji ubao wa namna nyingine: mrefu zaidi, mwembamba kidogo, mgumu, na wenye pezi fupi, yaani kile kipande cha chini nyuma kinachoushikisha ubao njia. Na kabla hujatoa pesa kununua mwengine, jua kwamba huo ulio nao unaweza kubadilika sana ukiujaza sawasawa na pezi ukalikalisha mahali pake.

Tuanze na urefu. Kwenye maji yasiyo na mawimbi, ubao mrefu hukata maji kwa wepesi na hushika njia. Mfupi na mpana husukuma maji mbele yake na kuyumba kushoto na kulia kila ukipiga kafi. Kwa mtu wa kilo 60 hadi 90, tafuta futi 11 na inchi 6 hadi futi 12 na inchi 6, yaani sentimita 350 hadi 380, na upana wa inchi 30, kama sentimita 76. Futi 14 zina mwendo mzuri, ila ubao huo ni mgumu kugeuza ndani ya mikondo ya mikoko, hushikwa na upepo, na ukiwa wa bei nafuu hulegea katikati. Omo yake, yaani ncha ya mbele, iwe imechongoka na kuinuka kidogo tu. Omo iliyopinda juu sana ni ya mawimbi; ndani ya mwamba, penye maji tulivu, inakupunguzia urefu unaogusa maji. Tezi, yaani nyuma ya ubao, nayo itazame kwa makini: yenye ukingo mkali wa plastiki ngumu pembeni huyaachia maji vizuri kuliko ya duara.

Watu huuliza sana lita, yaani ujazo wa ubao. Lita si tatizo. Ubao wa futi 10 na inchi 6 wenye unene wa sentimita 15 una karibu lita 290, na lita moja hubeba takriban kilo moja. Mtu wa kilo 75, ubao wa kilo 10 na mzigo wa kilo 5 ni kilo 90, kwa hiyo ubao huzama kama sentimita 5 tu. Kinachomchosha mtu mzito ni kupinda kwa ubao.

Ugumu hutoka sehemu tatu: unene, ganda, na presha. Ndani ya ubao mna maelfu ya nyuzi zinazounganisha uso wa juu na wa chini, ndizo zinazouzuia usivimbe kama puto. Nyuzi hizo zikiwa za sentimita 15, ubao unakuwa na ugumu unaozidi ule wa sentimita 12 kwa zaidi ya nusu, ganda likiwa ni lile lile, kwa sababu ugumu hupanda kwa mraba wa unene. Usinunue wa sentimita 12 kwa safari, isipokuwa kwa mtoto. Ganda la tabaka moja ni jepesi na rahisi. La tabaka mbili zilizogandishwa kiwandani kwa joto ni gumu na si zito mno, nami ndilo ninalolipendekeza. La tabaka mbili zilizobandikwa kwa gundi hudumu, lakini uzito wake utausikia begani ukitoka barabarani kwenda pwani.

Mshono wa pembeni ndio wa kuchunguzwa kuliko rangi na mapambo. Katika joto la huku, gundi ndiyo inayochoka kwanza. Ukinunua uliokwishatumika, na hapa Unguja wengi hununua hivyo kutoka kwa wageni wanaoondoka au vituo vya michezo ya bahari, ujaze jioni kivulini hadi PSI (kipimo cha presha) iliyoandikwa karibu na valvu, kwa kawaida 15. Asubuhi upime tena. Kupungua PSI moja si neno, maana kuunganisha mpira wa pampu peke yake kunatoa hewa kidogo na usiku hupoa. Ukipungua tatu au nne, paka povu la sabuni kwenye valvu kwanza, kisha mshono wote, kisha pete za chuma na kiti cha pezi. Valvu inayovuja hukazwa kwa spana yake ya plastiki na mambo yakaisha. Mshono unaotoa povu urefu wa kiganja, achana nao hata ukipewa nusu bei.

Sasa presha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ubao wenye PSI 10 ukiupiga ngumi unaona mgumu kama meza. Simama juu yake uone: katikati hubonyea, omo na tezi huinuka, na kila ukivuta kafi ubao hudunda, nguvu zako zikaishia kwenye kudunda huko. Ujaze hadi 15. Ukiwa na zaidi ya kilo 85, au ubao ni wa futi 12 na zaidi, nenda 17 au 18 ikiwa tu mtengenezaji ameruhusu. Kiwango cha juu kilichoandikwa usikivuke.

Kwa pampu ya mkono, anza kwa kusukuma na kuvuta, yaani hewa iingie pande zote mbili. Ikifika PSI 7 hivi na mkono ukaanza kukataa, fungua kizibo au geuza kitufe ili iingie wakati wa kusukuma tu. Geji haitatikisika mpaka ufike 5 au 7, kwa hiyo usidhani imeharibika. Kuufikisha ubao wa lita 300 kwenye PSI 15 kunahitaji takriban lita 600 za hewa ya kawaida. Pampu ya lita mbili ni kama misukumo 300. Wenye haraka huupeleka kwa fundi wa pancha. Kompresa ile ina presha ya kupasua ubao kwa sekunde chache, na hewa yake mara nyingi huja na maji na mafuta. Kama hakuna kidhibiti cha presha cha kufunga kwenye 15, rudi kwenye pampu yako.

Pini ya valvu iwe juu kabla ya kujaza. Ikiwa chini, ukichomoa mpira hewa yote hutoka kwa kishindo. Na ufute mchanga kwanza: punje moja kwenye mpira wa valvu inatosha kuuvujisha polepole siku nzima.

Joto ni jambo la kulizingatia mno kwetu. Ubao uliojazwa juani, ganda likiwa na joto la nyuzi 45 za Selsiasi, ukisoma PSI 15, ukiingia kwenye maji ya nyuzi 27 hushuka hadi 13 na ushei. Hesabu hufuata presha kamili, pamoja na ile 14.7 ya hewa inayotuzunguka. Kwa hiyo jaza kivulini, ubao uweke majini kama dakika kumi, kisha ongeza hadi 15. Kinyume chake ndicho kinachopasua mishono: ubao wenye 15 kwenye nyuzi 27, ukiachwa mchangani mpaka ganda lifike nyuzi 60, hupanda hadi 18. Mukipumzika pwani, ubao ukae kivulini au uelee umefungwa kamba. Kama hakuna kivuli, punguza PSI tatu, uongeze tena wakati wa kuondoka.

Pezi linalokuja na ubao wa safari huwa na sentimita 23. Jumlisha zile sentimita 5 za ubao kuzama: unahitaji sentimita 28 za maji, na kwa tahadhari 35. Paje, Jambiani na Bwejuu kina hicho hukipati muda mrefu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Pezi la sentimita 11 au 12 linakuruhusu kupita kwenye maji ya sentimita 20. Ukienda na pezi refu likagonga mwamba, ubao husimama papo hapo na wewe ukaendelea mbele, ukaangukia matumbawe.

Kisha kuna mwani. Tangu 1989 kilimo hicho kimeenea pwani ya mashariki, na mashamba yake ni vigingi vilivyofungwa kamba, mwani ukining'inia kwa taitai, yaani vikamba vidogo. Pezi lililosimama wima hukamata kamba na kung'oa kazi ya mtu, mara nyingi ya mama aliyeipanda kwa mikono yake maji yakiwa magotini. Zunguka shamba, usikate katikati hata kama maji yamejaa na vigingi havionekani vizuri. Na kwa majani ya bahari yanayoelea, tumia pezi lililolala nyuma sana, kama nyuzi 45, majani yateleze yenyewe. Pezi la wima likikusanya shungi la majani, ubao huwa mzito bila wewe kujua sababu.

Kama kiti cha pezi ni kile kirefu chenye mfereji na skrubu, unaweza kulisogeza. Nyuma kabisa, ubao hushika njia. Mbele, hugeuka upesi. Kwa njia iliyonyooka anza nyuma, halafu sogeza sentimita mbili mbili. Upepo wa pembeni ukiwa unaisukuma omo iende unakoelekea upepo, lete pezi mbele kidogo na wewe usogee mbele nusu hatua. Omo ikizama kidogo hushikwa na maji. Mapezi madogo ya pembeni, kama yanatoka, yatoe. Kwenye maji tulivu yanapunguza mwendo tu. Pezi la plastiki lililopinda kwa kukunjwa vibaya, limwagie maji ya moto, linyooshe, kisha limwagie ya baridi ukiwa umelishikilia.

Miguu ikae pande mbili za kishikio cha katikati, maana hapo ndipo uzito wa ubao unapogawanyika. Sikiliza nyuma yako: tezi ikilia maji kwa kelele, umesimama nyuma mno.

Kafi iwe na urefu wako ukiongeza sentimita 20 hadi 25. Mwenye sentimita 165 ataanza na 187. Bapa la kafi lote lizame kabla ya kuvuta, na mwinamo wake uelekee mbele. Wengi hulishika kinyume kwa kudhani linachota zaidi. Kwenye maji ya magotini usisukume chini kwa bapa, litavunjika. Mpini wa vipande uusuuze kwa maji matamu kila siku, la sivyo chumvi na mchanga huugandisha mpaka usitoke.

Kuhusu saa ya kutoka: bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu na moja au mbili baada yake, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu na mara nyengine hukaribia nne. Maji mafu, kinyume cha bamvua, ni takriban mita moja. Maji hayatembei sawasawa: katika saa sita, ya tatu na ya nne huchukua nusu nzima. Kwa tofauti ya mita 3.6, kila moja ya saa hizo mbili ni sentimita 90. Ndizo saa za mkondo mkali kwenye milango ya mwamba na kwenye hori za Pemba, yaani mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, kuanzia Chake Chake hadi Wete. Ingia hori wakati maji yanajaa, geuka yakisimama. Mizizi ya mikoko ina chaza wenye ncha kali kama wembe, kwa hiyo kaa katikati ya mkondo. Kamba ya mguuni, ya kujikunja ili isiburuzike, inafaa ndani ya mwamba. Penye mkondo na miti tumia ile ya kiunoni yenye kifungo cha kuvuta, ufunguke haraka ikinasa. Jaketi okozi lisikosekane.

Upepo wa Kusi unadanganya pwani ya magharibi. Fumba hadi Kendwa maji huwa kama kioo karibu na ufukwe kwa sababu upepo unatoka nchi kavu. Mita mia tatu mbele unausikia, na ubao mwepesi hupeperushwa kuelekea mkondo mkuu. Anza safari kwa kwenda kinyume cha upepo, urudi nao. Ukizidiwa, piga magoti au lala kifudifudi upige mikono; mwili uliosimama ndio tanga.

Ukitoboka, gundi ya pancha ya baiskeli haifai. Hiyo ni ya mpira, na PVC, plastiki ya ganda la ubao, huiachia. Tumia gundi ya PVC, bora ile ya kuchanganya mbili. Toa hewa yote, kata kiraka cha duara kinachopita tundu kwa sentimita 5 kila upande, kwaruza kidogo kwa msasa, futa kwa spiriti. Paka tabaka jembamba pande zote mbili, ngoja likauke kidogo, paka la pili, subiri linate kidoleni bila kuvutika, kisha bandika na kukandamiza kwa chupa kutoka katikati kwenda nje. Usifanye siku ya mvua, unyevu huidhoofisha gundi. Subiri saa 24 kabla ya kujaza.

Nyumbani suuza kwa maji matamu, kausha, na kama una nafasi uache na PSI 2 au 3 kivulini. Ukikunja, anza upande usio na valvu, pini ikiwa chini. Spana, skrubu ya akiba na bamba lake vikae kwenye mfuko mdogo wa kwenda nao majini, kwa kuwa mfuko mkubwa wa ubao hubaki garini.