Nitakupigia, Mama

Jana usiku nilikuwa natafuta namba ya fundi bomba kwenye simu. Nikakuta jina la mama limejipanga mara kumi na moja, jekundu tupu. Nyingi nilizikata mwenyewe nikiwa ofisini, nikamtumia ule ujumbe ambao simu imeshaniandikia: nitakupigia.

Mimi ni mhasibu hapa Dar. Kwetu saa kumi na moja jioni ikifika hakuna anayenyanyuka kabla ya bosi. Si kwamba wote tuna kazi. Nakiri, nimewahi kuacha sweta langu la kiyoyozi mgongoni mwa kiti nikashuka kula chipsi mayai, ili anayepita aone nipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Nilipiga hesabu ya mwezi uliopita nikapata 83 za ziada. Sheria inataka zilipwe mara moja na nusu. Sisi hulipwa piza.

Na hizo saa zilizaa nini? Usiku mmoja wa kufunga mwezi niliingiza 4,500,000 badala ya 5,400,000. Hesabu zikakataa, tofauti laki tisa. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba tofauti ikigawanyika kwa tisa, anza kutafuta tarakimu zilizopishana. Mimi nilipekua risiti siku mbili, macho yamevimba, hadi kijana wa mafunzo kwa vitendo akaniambia kwa adabu, "Dada, si zimegeuzwa hizi?" Siku hizo mbili nazo nilizihesabu kuwa uchapakazi. Kuna aliyenisifu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo mwaka 2016. Nilisoma hayo nikiwa ofisini, saa tatu usiku.

Leo saa sita mchana nilitoka nje nikampigia mama. Hakungoja hata shikamoo.

"Mwanangu, kuna nini? Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna, nimekupigia tu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwambie ukweli.