Kalamu Kwanza, Kompyuta Baadaye: Kufundisha Modeli za Matetemeko Kigoma

Mwanafunzi wa uzamili anayepewa programu ya kuigiza matetemeko ya ardhi kabla hajajifunza kukadiria jibu kwa kalamu na karatasi atapata picha yenye rangi za kuvutia, lakini hatakuwa na njia ya kujua kama picha hiyo inaeleza lolote la kweli. Kwa sababu hiyo, wanafunzi wanaokuja kwangu Kigoma hufunga kompyuta zao kwanza.

Tunaanza na tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, ambalo kitovu chake kilikuwa chini ya Ziwa Tanganyika na ambalo lilibomoa nyumba mjini Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Ninawaomba wachukulie kwamba ufa uliovunjika, yaani mpasuko katika mwamba ambao pande zake huteleza wakati wa tetemeko, ulikuwa na urefu wa kilomita 30 na upana wa kilomita 20, kwamba pande zake mbili ziliteleza kwa mita 1, na kwamba ugumu wa mwamba, yaani jinsi unavyokataa kupindishwa, ni gigapaskali 30 (gigapaskali ni kipimo cha mgandamizo). Hivi si vipimo vya tetemeko lenyewe, ni makadirio ya darasani tu. Wakizidisha ugumu, eneo na mtelezo, kisha wakabadili jawabu kuwa ukubwa wa tetemeko, watapata takriban 6.8. Baada ya hapo huingia katika milinganyo ambayo Yoshimitsu Okada aliichapisha mwaka 1985, inayokokotoa msogeo wa uso wa ardhi kutokana na mtelezo wa ufa ulio ndani ya mwamba wa aina moja.

Ndipo programu kubwa inaporuhusiwa. Tunatumia PyLith, ambayo ni ya bure na huugawa mwamba katika vipande vidogo vingi, kila kimoja kikiweza kupewa sifa zake. Faida yake kwetu ni dhahiri, kwani chini ya ziwa hili kuna mashapo laini yenye unene wa kilomita kadhaa, ambayo milinganyo ya Okada haiyatambui kabisa. Hata hivyo, jaribio la kwanza ni kuifanya PyLith irudie jibu la Okada kwa mwamba wa aina moja. Mwanafunzi ambaye kingo za modeli yake ziko karibu mno na ufa hugundua hapo kwamba kingo hizo zinazuia ardhi kusogea; na ambaye vipande vyake karibu na ufa ni vikubwa mno huona jibu likibadilika kila anapovipunguza.

Ugumu mkubwa zaidi, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, ni kwamba ziwa hutuficha kile tunachotaka kukipima. Rada ya satelaiti kama Sentinel-1, iliyoanza kuruka mwaka 2014, inaweza kuonyesha nchi kavu ikisogea kwa sentimita chache, kwa kulinganisha picha zilizopigwa kwa nyakati tofauti, lakini maji hayatunzi alama kutoka picha moja hadi nyingine. Vipimo vinabaki ufukweni, mbali na ufa, na kwa umbali huo mtelezo mkubwa kwenye ufa mwembamba hutoa msogeo unaokaribiana sana na ule wa mtelezo mdogo kwenye ufa mpana. Isitoshe, maji yenyewe ni mzigo: ziwa lilipopanda na kufurika hadi Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, uzito wake uliongezeka na kuikandamiza ardhi, na anayepima kimo cha ardhi lazima auondoe mchango huo kabla ya kuzungumzia ufa. (Wanafunzi waliokulia Ujiji hulielewa jambo hili haraka kuliko wenzao.)

Kwa hiyo simkubalii mwanafunzi modeli moja tu. Ninamtaka alete kadhaa zinazolingana na vipimo vilevile, kisha apendekeze mahali pa kuweka vituo vipya vya GPS, yaani pale modeli hizo zinapotofautiana zaidi. Mara nyingi sehemu hizo huangukia upande wa Kongo, na mjadala wa darasani huhama ghafla kutoka kwenye hesabu na kuwa wa vibali na nauli ya boti.