Nani Atachangia Jino?

Binti yangu alinikuta mezani na vidonge vya amoxicillin, vinane vya miligramu 250, nikijiandaa kuvimeza kwa mkupuo saa moja kabla ya kusafishwa meno. "Mama, vyote hivyo vya jino?" Nikamwambia ni vya moyo. Akanitazama, akamaliza chai yake, akawahi shule. Jibu hilohilo mama yangu aliwahi kulitoa ofisini kwa watu, akapata kazi kubwa kueleweka.

Ya Dar yalikuwa hivi: mafindofindo ya utotoni yaliniharibia valvu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, nikapasuliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, nikawekewa valvu ya chuma. Uyole, kwetu Mbeya, ilichanga. Kanisa lilichanga, wauza viazi wenzake mama walichanga, mjomba akauza ndama. Niliporudi bado watu walikuja na kuku wa kunipa nguvu.

Mwaka uliofuata gego la chini likaoza. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu hutoa walichonacho kwa ajili ya moyo, lakini ukitaja jino wanakwambia usukutue kwa maji ya chumvi. Mjomba yuleyule wa ndama aliuliza, "Jino nalo ni la kuitia kikao?" Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba bakteria wa jino bovu huingia kwenye damu, na wakiifikia valvu ya bandia hung'ang'ania hapo, wakaishambulia mpaka urudishwe Dar, kama utafika. Wala sikuweza kung'olewa popote tu mjini. Natumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo ilibidi nipimwe INR kwanza, kipimo cha jinsi damu inavyoganda, damu isije ikagoma kukata. Daktari wa moyo alitaka nikafanyiwe ngazi ya kanda. Kadi yetu ya CHF, ile ya Mfuko wa Afya ya Jamii iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya kwa mwaka, iliishia hospitali ya mkoa.

Tukaelekezwa ustawi wa jamii, kuomba msamaha wa gharama.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya mwezi huo mnaijua. Ndani ya kile chumba chembamba afisa, kijana tu, alikuwa amevaa koti na skafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akasoma barua ya mtendaji, kisha akaanza kuuliza. Nyumba imeezekwa nini? Bati. Ng'ombe mnao? Hatuna, yule ndama alikuwa wa kaka yangu. Shamba? La kukodi, la viazi. Baba wa mtoto? Mama akasema, "Alishatangulia," na kijana akaandika bila kuinua macho. Mimi nilikuwa nimeshika shavu.

"Mama, faili linaonyesha huyu alishasamehewa gharama za kliniki ya moyo. Meno ni idara nyingine. Nikiandika msamaha wa jino, kesho watakuja wote wenye meno."

Mama hakubishana. Alinyamaza kidogo, kisha akainuka akafunga mlango, kelele za watu wa koridoni zikapungua. "Nyamaza na wewe, mwanangu. Sikiliza."

Tukanyamaza wote watatu. Ikasikika. Wenye valvu ya chuma tunaijua sauti hiyo, tik, tik, usiku inakufuata mpaka kitandani. Kijana aliangalia saa ya ukutani, akaangalia ya mkononi mwake, halafu akanitazama kifuani. Kalamu akaiweka chini.

"Hiyo inayolia," mama akasema, "watu wa Uyole wameilipia. Jino hili likiachwa, litaiua. Kwa hiyo usiandike jino. Andika moyo."

Sijui alikaa muda gani bila kusema neno. Mwishowe aliinuka, akaenda mwenyewe kwa daktari wa meno, akarudi na karatasi iliyoandikwa kwamba kuliondoa gego hilo ni sehemu ya matibabu ya valvu. Akagonga muhuri.

Mengine yalikwenda haraka. INR tulilipa wenyewe, kwa hela ya viazi. Nikameza dawa, nikachomwa ganzi, nikang'olewa, nikauma pamba hadi jioni.

Ila kuna kinachoniuma mpaka leo. Daktari alisema lile gego lingeweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi, lakini msamaha ulikuwa wa kung'oa tu. Nawashukuru, tena sana, kwa sababu niko hai. Na bado najiuliza kwa nini maskini aliyesaidiwa moyo wake asisaidiwe kubaki na jino lake.

Sasa mtoto wa jirani anasubiri tarehe ya upasuaji huohuo, na madaktari wanataka meno yake yakaguliwe na kutibiwa kabla hajapasuliwa. Kamati ya michango imeshaundwa. Nimeomba fungu la meno liingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na nauli na malazi. Wawili wameguna. Mweka hazina amesema tutalijadili Jumapili baada ya ibada, nami nitakwenda na karatasi ile yenye muhuri.