Kliniki ya sukari ya Mama: jinsi tulivyoacha kushinda kwenye benchi

Kila niliyemlalamikia kuhusu foleni ya kliniki alinipa jibu lilelile: wahini. Ukiwahi unapata namba ndogo, ukipata namba ndogo unaondoka mapema. Ushauri huu umewachosha wazee wetu bure, na kwa Mama yangu ulikaribia kuleta balaa. Ndiyo maana naandika.

Mama ana sukari na presha, ameshavuka miaka sabini na magoti yanamsumbua. Yumo kwenye bima yangu ya NHIF kama mtegemezi, na kliniki yake ilikuwa katika hospitali moja ya rufaa hapa Dar es Salaam, siku ya wagonjwa wa sukari ikiwa moja tu kwa wiki. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila tarehe ya kliniki ilipofika niliomba ruhusa ya siku nzima, na watoto wa darasa langu wakabaki na mwalimu wa zamu.

Na kuwahi tulikuwa tunawahi kweli. Saa kumi alfajiri Mama ameshaoga, saa kumi na moja tuko kwenye bajaji, na bado getini tunakuta watu wamejipanga. Namba tunapata za mwanzomwanzo. Halafu tunakaa. Saa moja, saa mbili, saa tatu, milango ya vyumba vya madaktari imefungwa na watu wananung'unika. Mgonjwa wa kwanza anaitwa saa nne imepita. Mama akiingia, daktari anafungua kadi, anaitazama juu na chini, anasema, "Mama, sina majibu ya karibuni hapa. Nendeni maabara kwanza." Maabara kuna foleni ya kutoa damu na nyingine ya kungojea majibu. Ukirudi kliniki ile namba yako ndogo imeshapita, unaingizwa nesi atakapoona upenyo. Bado hujafika dirisha la dawa. Nyumbani tunarudi jua linakaribia kuzama, Mama miguu imevimba.

Kuna siku dirishani walituambia, "Kliniki ijayo aje hajala." Basi. Hakuna aliyeuliza anameza dawa gani. Mama ni mtu wa utaratibu. Alfajiri alimeza vidonge vyake kwa maji kama anavyofanya siku zote, kikiwemo cha glibenclamide. Dawa hii inalisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari mwilini, uwe umekula au hujala. Tumbo tupu, dawa imo mwilini, na benchi ni la kukaa hadi daktari aje.

Saa tatu hivi nikamwona anajifuta jasho usoni kwa upindo wa kanga, na feni iko juu yetu. Nikamwuliza kama anataka kwenda msalani, akanijibu habari ya mahindi ya mjomba. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka hadi kadi ya kliniki inapigapiga juu ya goti. Mimi nilidhani ni uchovu. Mama mmoja aliyekaa upande wa pili ndiye aliyeinuka. "Binti, mama yako sukari imeshuka. Mwite nesi." Mwenyewe akafungua mkoba, akatoa pakiti ya glukosi ya unga, ile inayouzwa duka la dawa, akaimimina kwenye chupa yetu ya maji na kuitikisa. Nesi akaja na mashine, akatoboa kidole: 2.9. Chini ya 3.9 tayari sukari imeshuka, kwa hiyo 2.9 si ya kuchezea. Mama akanywa, tukangoja robo saa, nesi akapima tena, ikasoma 4.6. Mama akashusha pumzi na kuuliza, "Namba yetu wameshaita?"

Tangu siku ile sitoki na Mama bila glukosi na chakula kwenye mkoba. Kama mzazi wako anatumia glibenclamide, gliclazide, glimepiride au insulini, na umeambiwa aje hajala, uliza hapohapo: dawa ya asubuhi anywe au asubiri mpaka atolewe damu? Usikubali kuondoka bila jibu la daktari au nesi. Baadaye daktari alimbadilishia Mama akampa gliclazide, akatueleza kwamba hata orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema glibenclamide haifai kwa waliozidi miaka 60. Na ukiona dalili kama zile kwa mtu ambaye bado anaweza kumeza, vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji vinatosha kuanzia, au soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Akishazindukana apewe chakula. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, piga kelele upate msaada.

Sasa nirudi kwa yule mama wa glukosi, maana yeye ndiye aliyenifungua macho. Nilipotulia nikagundua kwamba alikuwa amefika muda si mrefu, lakini alipoingia kwa daktari alitoka na dawa zake zimeandikwa, safari imekwisha. Nikamfuata koridoni. "Shikamoo mama. Wewe umewezaje?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Mimi damu nilitoa juzi. Leo nimekuja kumwona daktari tu."

Nikamwomba anieleze kwa kituo. Akaniambia kwamba siku ya kliniki, kabla hujatoka chumbani, unamwomba daktari akuandikie vipimo vya safari ijayo. Siku mbili tatu kabla ya tarehe unakwenda maabara na karatasi yako. Siku ya kliniki majibu yako tayari, unaingia mara moja na kutoka. Ule mzunguko wa kwenda maabara na kurudi, ambao ndio unaokula siku, unakuwa umeukata.

Nilitoka pale nimefurahi kama niliyeokota pesa. Lakini mara ya kwanza kujaribu, mapokezi walinigomea. Nilifika na Mama siku isiyo ya kliniki, karatasi mkononi, kijana wa dirishani akaangalia kompyuta: "Mama hana miadi leo. Bima haiwezi kufunguliwa bila kumwona daktari." Nikamwonesha karatasi. Akasema haina tarehe. Kweli, daktari alikuwa ameandika vipimo akasaini, tarehe hakuweka. Mama ameketi kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, hajala, na safari hii dawa hajameza, tulishauliza.

Sikurudi nyumbani. Nilimsukuma Mama hadi kliniki yenyewe nikamtafuta nesi mkuu. Nikamsalimia, nikamweleza taratibu bila kumlaumu mtu. Akaichukua karatasi, akaingia chumba cha daktari wa zamu, akarudi imeandikwa tarehe na muhuri umegongwa. Akaniambia neno ambalo mapokezi hawakuniambia: wagonjwa wa kliniki wenye vipimo vya mapema wanafunguliwa bima kwenye meza ya kliniki, wasipange mstari wa mapokezi makuu. Mama alitolewa damu kabla ya saa mbili na saa mbili na robo alikuwa anakula chapati na maharage kwa mama ntilie wa nje ya geti. Kila hospitali ina njia yake ya kufanya jambo hili, kwa hiyo mtafute nesi mkuu wa kliniki siku ambayo hana msongamano, umwulize. Hao ndio wanaojua kila mlango unafungukaje.

Yeye ndiye pia aliyenieleza kwa nini asubuhi milango imefungwa. Madaktari wanaanza na kikao cha asubuhi, wanapokea taarifa za waliolazwa usiku, kisha wanapita raundi wodini, kwa sababu aliyelazwa hali yake inaweza kuwa mbaya kuliko yetu sisi tunaotembea. Wakimaliza ndiyo wanakuja kliniki. Nilimwuliza mbona hawatuambii. Hili bado linaniuma. Karatasi moja tu ikibandikwa ukutani, "Madaktari huanza kuona wagonjwa saa nne", ingewaacha wazee wangapi walale hadi jua litoke!

Vipimo navyo si vyote vinavyotaka tumbo tupu. Kile cha HbA1c, kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, unatoa damu hata kama umetoka kula ubwabwa. Cha figo ambacho Mama hufanyiwa hakikuhitaji kufunga pia. Kwa hiyo uliza kwa kila kipimo. Siku hizi Mama akiandikiwa HbA1c peke yake tunakwenda saa nane mchana, nikishatoka kazini, na maabara inakuwa nyeupe kabisa.

Presha nayo ilikuwa inatuchelewesha. Mama akishuka kwenye bajaji anakokotwa hadi mezani, anapimwa akiwa bado anahema, namba inapaa, anaambiwa akae pembeni apimwe upya, na hapo tunapoteza zamu. Nikajifunza kusema kwa heshima, "Sista, naomba apumzike dakika tano kwanza." Aende msalani, akae ameegemea, miguu yote chini, asikunje nne, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na mazungumzo yasubiri. Nikanunua na mashine ya nyumbani ya kufunga mkononi, bei yake si ndogo lakini si ya kutisha, na daftari la kurasa chache. Asubuhi na jioni Mama anapimwa na mjukuu wake, anaandika. Daktari alipoliona lile daftari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, na ndilo lililomfanya akubali presha ya Mama ifuatiliwe kwenye kituo cha afya cha jirani na nyumbani. Hospitali ya rufaa sasa tunakwenda mara chache zaidi. Kati ya yote niliyohangaikia, hili ndilo limetupunguzia safari kuliko jingine lolote.

Kuhusu dirisha la wazee: litumieni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60 na inataka apewe kipaumbele. Kwenye kliniki ya sukari halisaidii sana, maana karibu kila aliye kwenye benchi ni mzee. Linasaidia maabara na dirisha la dawa, ambako vijana ni wengi. Wengi wanaona bango la kumpisha mzee wanadhani ni pambo. Mimi nasogea mbele na Mama, nasema, "Samahanini wapendwa, naomba nimpitishe mzee." Sijawahi kuona mtu akikataa.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni wa jirani yangu mmoja, kwamba nimwachie karani elfu kumi kwenye kadi. Nilikataa na bado nakataa. Kadi ya Mama ikipanda juu kwa elfu kumi, kuna kadi ya mama wa mtu inashushwa, naye pengine amekaa pale hajala, sukari inashuka. Ukiombwa pesa ya foleni, namba ya TAKUKURU ni 113 na kuipiga ni bure.

Dawa nazo: hakikisha dirishani kabla hujaondoka kwamba zote zipo. Ikikosekana moja, omba hapohapo fomu ya kuichukulia duka la dawa lenye mkataba na bima, igongwe muhuri na uone saini ya daktari kwa macho yako. Kurudi kesho kutafuta saini ni kuanza siku nyingine ya foleni.

Sasa siku ya kliniki tunatoka nyumbani saa mbili na nusu, Mama amekunywa chai na kumeza dawa zake. Saa sita mara nyingi tumeshamaliza, nami vipindi vya mchana nafundisha mwenyewe.

Yule jirani wa elfu kumi juzi ameniletea kadi ya mumewe nimwoneshe vipimo vinaandikwa wapi. Nikamwonesha: hapa, juu ya tarehe ya kurudi. Mwambie daktari wakati bado ameshika kalamu, aweke na tarehe, kwa sababu akishaita jina la mwingine mlango huo hufunguliwi tena.