Siku Moja Kwenye Loki za Caen Hill

Saa moja na nusu asubuhi, Devizes, kusini-magharibi mwa Uingereza. Navaa jaketi okozi, nachukua hendeli ya chuma. Najitolea kwa Canal & River Trust, shirika la hisani ambalo tangu 2012 linatunza kilomita zipatazo 3,200 za mifereji na mito. Mshahara hakuna. Shemeji yangu wa Tanga anaamini namficha.

Saa mbili, boti za kwanza. Caen Hill ina loki 29, na 16 kati yake zimefuatana moja kwa moja mlimani. Loki ni chumba cha maji chenye milango ya mwaloni huku na huku: boti ikiingia unafunga nyuma, unainua vibao vya kupitishia maji, chumba kinajaa, boti inapanda. Kisha loki inayofuata. Kumaliza zote ni saa tano au sita za jasho.

Loki hizi ni pana, zinachukua boti mbili nyembamba ubavu kwa ubavu. Basi kazi yangu ya kwanza ni ushenga. Boti ikipita peke yake inashusha maji yale yale ambayo yangetosha mbili, na maji hayarudi juu bure: kuna pampu tangu 1996, yenye uwezo wa kurudisha lita milioni 32 kwa siku, kwa umeme. Leo nimewaozesha mke na mume waliokodi boti ya likizo na bwana mmoja anayeishi kwenye boti yake na mbwa.

Saa nne, chai. Ugomvi nao.

“Tusio na maegesho ya kudumu tunalipishwa nyongeza ya leseni tangu Aprili 2024,” bwana analalamika. “Na kuhama tunahama kila baada ya siku 14!”

“Na sisi je?” mama anamjibu. “Boti ya kukodi nayo ina leseni ya biashara. Unadhani anailipa nani?”

Wananigeukia. Mimi naangalia njia ya kando ya mfereji: wakimbiaji, baiskeli, mabibi na mbwa wao, wapiga picha. Hakuna aliyetoa hata senti, wala huwezi kuweka geti. Kwangu mimi, ruzuku ambayo serikali inalipa shirika letu ndiyo nauli ya hao. Sasa kuanzia 2027 itakuwa pauni milioni 50 kwa mwaka, kisha inapungua kwa asilimia 5 kila mwaka, kwa miaka kumi. Mlango wa mwaloni nao unaishi miaka kama 25 tu. Mwenye loki 29 anabadilisha milango maisha yake yote.

Hii si hofu ya bure. Mfereji wetu huu, wa Kennet na Avon, ulikamilika 1810, kampuni ya reli ikaununua 1852, na kufikia miaka ya 1950 ulikuwa unaoza. Wapenzi wake walichanga na kuchimba kwa miaka mingi hadi Malkia Elizabeth alipoufungua upya 1990.

Saa saba, mkate na jibini, haraka haraka.

Saa nane, boti inayoshuka. Nampigia kelele nahodha asogee mbele: chini ya mlango wa juu, ndani ya loki, kuna kizingiti, na usukani ukikikalia maji yakishuka, boti inazama kwa pua.

Saa kumi, juu kabisa. Maharusi wangu wameshapatana, wanaelekea baa kula. Baa imejaa watu waliokuja kutazama boti. Pesa yote hiyo inaingia kaunta. Leseni wanalipa wawili tu mle ndani.

Mimi nimeagiza soda. Bwana wa mbwa kalipa.