Mradi wa mashairi ya utotoni: sasa niko kwenye sauti ya mtoto

Kwa waliojiunga juzi, naandika tukio moja kwa sauti tatu. Mtoto analinda dagaa walioanikwa mchangani, huku mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, basi. Kwanza anaongea mzazi, alafu mtu mzima anayekumbuka, mwisho mtoto mwenyewe.

Ya mzazi imeisha na wala haikunitoa jasho, maana ushairi wetu hiyo njia umeipita kitambo sana, Mwana Kupona alimuusia binti yake mwaka 1858, Shaaban Robert naye akawaandikia wanawe, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa wa kiume. Ila cheki humo, mtoto haongei, kazi yake kusikiliza tu. Na mi nimefanya hivyohivyo, utenzi wa mizani nane, mama anausia.

Ya mtu mzima nimeiacha huru, bila vina, kwa heshima ya Kezilahabi ambaye kwao ni Namagondo, hapo Ukerewe tu, na diwani yake Kichomi ya mwaka 1974 iliwachefua sana watu wa vina na mizani. Shida ya huyu anayekumbuka ni kwamba anatia sukari kila mahali, ziwa linameta, upepo mtamu, wakati dagaa wa jua la saa saba kila mtu wa Mwanza anajua wanavyonuka. Nimemwachia sukari yake lakini, ndo mtazamo wake huo.

Sasa mtoto. Hapa nimekaa sana na Blake, yule Mwingereza, ana mashairi mawili ya watoto wasafisha dohani (bomba la moshi la nyumba), la mwaka 1789 na la 1794. La kwanza dogo ameuzwa na baba yake akiwa hata kuongea hajui vizuri, na bado yupo bize kumfariji mwenzake aliyenyolewa nywele, anamwambia sasa masizi hayatazichafua! Halalamiki, we msomaji ndo unaumia. La pili mtoto ameshaelewa, anawasema wazazi waliomwacha kwenye theluji wakaenda kanisani kusali. Mi la kwanza linaniuma zaidi. Wordsworth naye, mshairi mwingine wa Kiingereza, 1798, ana kabinti ka miaka minane kanasisitiza kwao wako saba wakati wawili wamezikwa, na kanaenda kula chakula cha jioni hapohapo makaburini, mtu mzima anabishana nako mpaka anachoka.

Kwa hiyo sheria niliyojiwekea, mtoto wangu haelezi kitu. Hasemi hajaenda shule, hasemi anafanya kazi:

Baba kaja na dagaa,
mchangani wanang'aa,
na kunguru wana njaa,
mama kanipa kijiti.

Ubeti unaofuata nataka kuingiza mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti na mitumbwi inapumzika. Mzazi hapo ataongelea hela kukata, anayekumbuka ataongelea uzuri wa mwezi juu ya maji (lazima, namjua), ila dogo yeye anachojua ni kwamba mwezi ukiwaka baba analala nyumbani, na kijiti kinakuwa cha kuchezea.

Kinachonikwamisha ni bahari, yaani kile kina cha mstari wa mwisho kinachojirudia kila ubeti, hapa ni -ti, nimebaki na shati, kiti na bati. Mwenye kina kingine ambacho mtoto wa darasa la pili anaweza kukitamka anirushie, tafadhali msiniletee "madhubuti".